Mugongo wa Wembe

Rumonge, nyuma ya soko la samaki
Jumatatu, tarehe 8 Septemba 2025

Mupendwa mujukuu wangu Anwari,

Asalam alaykum na amahoro. Uko muzima? Kifua kimepona, au bado unakohoa kama ulivyoondoka hapa? Unakula nini huko Mpulungu, na nani anakupikia? Usinijibu kwamba unakula vizuri. Nilikuona kwenye picha uliyomutumia Raisa, shingo imekuwa nyembamba kama ya kuku aliyenyeshewa. Kunywa uji. Nasikia huko mwisho wa ziwa asubuhi kuna baridi. Vaa kofia.

Sisi huku ni wazima, Mungu asifiwe. Magoti yananiuma ila bado yananifikisha sokoni. Mama yako Kulthumu anakusalimia, presha yake imeshuka tangu aache chumvi, ingawa anaiiba. Baba yako Amisi iko vile unavyomujua, anasema ndiyo kwa kila mutu. Muke wako Raisa amepata nguvu na maziwa yanatoka mengi. Mutoto wako Kassimu, aliyechukua jina la marehemu mume wangu, ana nywele nyeusi hadi kwenye masikio, na analia kama mutu aliyeonewa barazani. Paji la uso ni lako. Pole yake.

Barua hii ninaiandika kwa mukono wangu. Nilisoma Kurani chuoni kwa mwalimu, na shule kidogo tu kabla baba hajanitoa nikauze visamaki vya ndagala, lakini herufi hazikunitoka. Ukiona makosa, nyamaza. Sikutaka simu kwa sababu simu iko ya Raisa, na mukiongea anaweka sauti kubwa nyumba nzima isikie. Ninachotaka kukuambia Raisa asikisikie, maziwa yatakauka. Abdulhamid, yule anayefanya kazi kwenye boti linaloleta saruji kutoka kwenu, atakubebea.

Anwari, ninaogopa. Nimeliandika neno hilo na umelisoma, usimuonyeshe mutu. Nimekimbia vita zaidi ya mara moja, nimezaa njiani nikiwa peke yangu pale Kigwena, nimevuka ziwa limechafuka na mutoto mugongoni, na hakuna aliyenisikia nikisema naogopa. Leo ninaogopa wembe.

Ijumaa hii Kassimu anatoka arobaini na ananyolewa nywele alizotoka nazo tumboni. Wewe ukatuma sauti yako kwenye simu, ukasema lazima Muzee Faridi ndiye amunyoe, kwa wembe, kwenye kiti kile kile, kama alivyokunyoa wewe na baba yako. Ukasema unakumbuka harufu ya poda, na kioo, na redio iliyokuwa inaimba dirishani. Ukasema ule ndio utoto. Kulthumu alipangusa machozi kwa kitenge. Baba yako hakumaliza hata chakula, akavaa viatu akaenda kumwambia muzee, na muzee akakubali.

Poda! Wewe unakumbuka poda, mimi nakumbuka muchana wenyewe. Ulikuwa hujang'oka hata jino moja. Uliuona wembe ukaingia chini ya kiti, ukashika muguu wa kiti kwa mikono miwili, na ulipovutwa ukamuuma Muzee Faridi kidole gumba hadi akaita jina la mama yake. Alama ya meno yako anayo hadi leo. Nilikaa chini nikakibana kichwa chako kwa magoti yangu, wakati huo yakiwa magoti, na kitenge changu ukakilowesha. Poda ulipakwa mwisho ili unyamaze. Wewe umeshika poda, mengine umetuachia sisi.

Mimi nilimujua baba yake Faridi, Muzee Lukeba, aliyetoka ng'ambo ya ziwa, muji wa Baraka, akafungua duka la kunyoa pale chini, mahali ambapo sasa ziwa limepameza. Lilikuwa la matofali, na mulango wa kijani. Ndani kiti kimoja cha mbao nzito chenye pahali pa kulazia kichwa, ndicho hicho Faridi alichokihamishia uani kwake maji yalipoingia. Kioo kilikuwa na madoa ya kahawia, ukijitazama unajiona kama mutu mwenye ugonjwa wa ngozi. Mukanda wa ngozi ulipigiliwa musumari kwenye fremu ya mulango, na pale ndipo muzee alikuwa ananoa wembe. Pata-pata, pata-pata. Sauti hiyo tulikuwa tunaisikia tangu kona ya soko, na miguu yangu ilikuwa inakufa pale pale. Mama alikuwa ananivuta kama mbuzi wa Idi.

Enzi zile musichana na muvulana kichwa ni kimoja. Chawa akionekana, wote upara. Kaka zangu waliogopa zaidi yangu kwa sababu Muzee Lukeba ndiye aliyewatahiri, juu ya kiti hicho hicho, na kila walipokikalia walikuwa wanabana mapaja. Mimi walinitisha kwa kopo. Chini ya kiti kulikuwa na kopo la bati lenye kifuniko, na kaka yangu Ayubu akaniapia kwamba muzee anaweka humo masikio ya watoto waliotikisika.

"Yanakauka kama ndagala," alisema. "Sikio la binti wa Gatete liko juu kabisa. Lina hereni."

Niliamini. Hiyo hereni ndiyo iliyonimaliza. Siku moja muzee aliligonga kopo kwa muguu, likalia ndani, kwaru-kwaru, nikajikojolea kwenye kiti cha watu. Faridi, naye mutoto wakati huo, ndiye aliyepewa kitambaa apanguse. Alikitazama kichwa changu, chini kimenyolewa, juu nywele zimesimama, akasema, "Kichwa cha Nanasi!" Ananiita hivyo hadi leo, mbele ya wajukuu zangu. Nimemuacha, kwa sababu wengine wote walioniita jina la utotoni wamekwisha.

Sasa sikiliza Muzee Lukeba alivyokuwa anafanya kazi, maana nitarudi hapo. Alikuwa haongei. Alikuwa anakubana paji kwa kidole gumba, anakulowesha kwa sabuni, halafu anapitisha wembe. Baridi! Unaganda. Anapitisha tena, polepole, kutoka paji hadi kisogo, na wewe unafikiri nywele zinaondoka. Kumbe hajanyoa kitu. Anapitisha mugongo wa wembe, upande usiokata, anasubiri mabega yako yashuke. Alikuwa anaweza kuzunguka kichwa chote hivyo. Mabega yakishuka, anaugeuza bila wewe kujua, na hapo ndipo nywele zinaanguka. Mama alimuuliza kwa nini anapoteza muda, si ashike kichwa kwa nguvu tu kama wengine. Akajibu, na ndilo neno refu nililomusikia akisema: "Mama, mimi siweki makali mahali panapotetemeka."

Faridi alijifunza hivyo hivyo. Na wewe alikupitishia mugongo wa wembe hadi mate yakakukauka.

Lakini sasa mukono wa Faridi wenyewe unatetemeka. Niliuona kwenye matanga ya jirani. Alipewa chai, kikombe kikaimba juu ya kisahani. Akakiweka chini haraka, akaficha mukono ndani ya kanzu, akazungusha macho kuangalia kama kuna aliyeona. Nikageuza uso ili asijue kwamba mimi nimeona. Siku hizi wanaokwenda kwake ni wazee wenzake, naye anawapitishia mashine. Vijana wanakwenda saluni zenye muziki. Tangu ziwa lilipokula duka, sijui kama wembe umegusa kichwa cha mutu.

Na unajua desturi yetu hapa. Kinyozi akishasema bismillahi juu ya kichwa cha mutoto, ndiye anayekizunguka chote. Hakuna wa kumupokonya wembe katikati. Mutoto aliyeachwa kichwa nusu watu watamunyooshea kidole hadi aoe. Kwa hiyo Faridi akianza, ameanza. Na anayekishika kichwa ni mama mukubwa wa ukoo, ndiyo mimi. Utosi wa Kassimu bado laini, Anwari. Unapigapiga. Nikiweka kiganja juu yake nasikia kama kifaranga ndani ya yai.

Nilimwambia baba yako. Akakuna shingo.

"Mama, utamwambiaje muzee kwamba amezeeka?"

"Kwa mudomo!" nikamujibu.

"Basi mwambie wewe."

Nikanyamaza. Ndiyo, mimi Hadija, ninayewagombeza wavuvi hadi wanashusha bei, nilinyamaza. Babu yako alipolala ule ugonjwa wa mwisho, chumba kilikuwa kinanuka, hata ndugu zake walikuwa wanasalimia kutoka dirishani. Faridi alikuwa anakuja kila Ijumaa na beseni lake, anaketi kitandani, anamunyoa ndevu polepole, anamusimulia habari za muji. Hakuziba pua hata siku moja. Mutu kama huyo nimwambie nini? Kwamba mukono ulionisitiria mume wangu sasa ninauogopa?

Wewe ndiye baba wa mutoto, na wewe ndiye uliyemuomba. Wewe tu unaweza kumufungua ahadi hiyo bila aibu. Boti linaondoka kesho, Abdulhamid ameniapia utaisoma kabla ya Ijumaa. Ukiisoma, mupigie Muzee Faridi siku hiyo hiyo. Sema umebadilisha. Sema unataka kumunyoa mwanao mwenyewe utakapokuja. Sema uongo wowote, mimi nitaubeba.

*Jumatano*

Barua bado iko chini ya godoro. Mazuti ya injini hakuna, boti limefungwa pale pale, na Abdulhamid ananiambia subira, subira, kama vile mimi ndiye niliyeyanywa hayo mazuti.

Leo nimekwenda kwa muzee mwenyewe. Nilimubebea mukeke wawili, nikajiambia nitampa samaki kwanza, neno litafuata. Nilikuwa ndiyo naingia uani. Nilisikia pata-pata, pata-pata, na miguu yangu ikafa, Anwari, na umri huu wote nilio nao. Alikuwa amenipa mugongo, ananoa wembe kwenye mukanda ule ule wa baba yake. Bila kugeuka akasema:

"Kichwa cha Nanasi, umekuja kunyolewa?"

"Zimebaki nywele gani za kunyoa? Nimekuletea samaki, upate nguvu."

"Nguvu za nini?"

Pale ndipo pahali pangu pa kusema, na nikasema, "Za kumula huyo samaki." Mupumbavu mimi. Akacheka, akaingia ndani kutafuta sahani. Nikausogelea mukanda. Una mikato mipya, si mumoja. Ngozi imechanwa mahali ambapo wembe ulimuteleza. Nilipitisha kidole, kikaingia hadi ukucha. Alirudi, nikaficha kidole nyuma kama mutoto mwizi wa sukari, nikaaga.

Silali. Nikifumba macho naona ule mukanda, na juu yake naona utosi. Raisa ananiuliza kwa nini ninamubeba mutoto kutwa nzima. Nimemwambia nimezeeka, ninapenda joto.

*Jumamosi*

Mazuti yamepatikana, boti linaondoka leo, kwa hiyo naandika haraka. Usiruke mustari hata mumoja.

Jana baada ya sala watu walijaa uani kwa Faridi. Ubani umewashwa, Kulthumu ameshika beseni la maji ya vuguvugu, Salima jirani yetu amekaa mbele kabisa ili asikose la kusimulia. Faridi alitoka na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, ndevu amezichonga. Kiti kikawekwa katikati. Nikakikalia mimi, mutoto mapajani. Tangu utoto sikuwa nimekikalia kiti kile. Nilitazama chini, wallahi, kama kopo bado liko. Liko.

Akasema bismillahi, watu wakaitikia, na hapo nikajua imekwisha, hakuna wa kumuzuia. Akalowesha nywele. Wembe ukatoka. Nikaufunika utosi kwa vidole vyangu, nikajiambia aanze na hivi.

"Toa mukono, Hadija," alisema. Hakuniita Nanasi.

Nikautoa. Sijui niliutoaje. Niliona wembe unashuka, unachezacheza hewani kama samaki kwenye ndoana, nikafumba macho, nikasoma kila kitu mwalimu alichonifundisha na nikakichanganya. Mutoto hakulia. Nikafungua jicho moja.

Ni mugongo wa wembe. Alikuwa anaupitisha kutoka paji kwenda kisogo, mukono unatetemeka, na chuma kinatelezateleza juu ya nywele bila kukata kitu. Kassimu ametulia, ananyonya ngumi. Faridi akazunguka upande wa kulia, akazunguka kushoto, nyuma ya masikio, hadi shingoni, kichwa chote. Nikasubiri augeuze. Jasho lilikuwa linanitiririka hadi kwenye viatu. Hakuugeuza. Aliinama sikioni kwangu.

"Nimekizunguka chote," alisema polepole. "Niliyoyaanza nimeyamaliza. Makali ni yako."

"Una wazimu? Sijanyoa hata mbuzi!"

"Umepasua mukeke maisha yako yote, na vidole bado unavyo vyote. Ninakuangaliaga sokoni. Huo ndio mukono ninaoutaka juu ya kichwa cha kitukuu wa marehemu Kassimu."

Kumbe wakati mimi ninautazama mukono wake, naye alikuwa anautazama wangu.

"Wanasemezana nini hao wazee?" Salima akauliza. "Wanaposana?"

Faridi akasimama wima, akapaza sauti: "Nyanya mukubwa wa mutoto ndiye anayemalizia. Ndivyo tulivyopanga mimi na baba yake, kwa simu." Baba yako akasema ndiyo, ndiyo, na hajui anakubali nini. Watu wakapiga vigelegele, wakafikiri ni heshima umenipa.

Kwa hiyo sikia vizuri. Wakikuuliza, sema ndiyo mulipanga. Mutu yeyote, hata mama yako, hata Raisa. Usimuumbue muzee. Hilo tu ndilo ninalokuomba kwenye barua hii, yale ya Jumatatu yafute.

Nikampa Raisa mutoto amushike mapajani, nikasimama, nikachukua wembe. Mupini ulikuwa bado na jasho la mukono wake. Niliogopa kuliko siku zote, kwa sababu zamani nilikuwa ninaogopa nitakachofanyiwa. Faridi alisimama nyuma yangu, ananong'ona: "Ulaze. Usichimbe. Fuata nywele zinakolala. Pumua, wewe mwanamuke, utaanguka." Nilianza na utosi ili niumalize kabla moyo haujanitoka. Ulikuwa unapigapiga chini ya wembe. Nywele zikaanguka kwenye kitambaa, laini kama moshi, na kila zilipoanguka nikatafuta damu na sikuiona.

Nilikuwa nimefika nyuma ya sikio la kushoto, pahali pa mwisho kabisa, mutoto akapiga chafya.

Tone moja, Anwari. Dogo kama jicho la ndagala. Lakini lilikuwa jekundu, na mimi uani pote sikuona kitu kingine. Raisa akashtuka, Kulthumu akaita jina la Mungu. Nikahisi kitu kinagusa muguu wangu. Ni kopo. Faridi alilisukuma kwa kidole cha muguu, kwaru-kwaru.

"Fungua, Nanasi."

Nikafungua. Ndani kuna vipande vya shabu, lile jiwe jeupe la kukausha damu, kama vilivyokuwa enzi za baba yake. Nikalowesha kimoja, nikabonyeza. Damu ikakata pale pale. Mutoto akalia kidogo, kwa hasira tu, akarudi kwenye ngumi yake.

"Sikio liko?" Faridi akaninong'oneza.

"Liko."

"Basi usilitie humo."

Kumbe alijua. Miaka yote hiyo alijua Ayubu aliniambia nini, na akanyamaza nalo hadi jana. Nilicheka mbele za watu, nikiwa na wembe mukononi, na machozi yananitoka, Salima akasema bibi harusi amekubali. Nitamujibu siku yake.

Nywele baba yako amezizika nyuma ya nyumba, upande wa mulimani, mbali na maji. Muzee aliondoka mapema kwenda kulala. Wembe hakuuomba. Niliukuta jioni juu ya kiti cha jikoni kwangu, umefungwa kitambaa, sijui nani aliuleta. Nimeuweka kwenye sanduku langu na nguo juu yake. Siutaki. Ninauogopa hata ukiwa umefungwa. Wa pili, kama Mungu atakupa wa pili, utamunyoa wewe, na mimi nitakaa mbali, masikio yangu nimeyaziba.

Raisa anakusalimia, na anauliza kama shati la buluu limekutosha. Mama yako anakusalimia. Baba yako amesema ndiyo. Salima usimusalimie. Muzee Faridi hajui kwamba ninakuandikia, kwa hiyo hana salamu, lakini wewe mutumie zako, na umushukuru kwa ule mupango wenu wa simu.

Mungu akulinde na maji, na mashine za bandarini, na rafiki wabaya. Akupe riziki ya halali na akurudishe mulangoni kwangu ukiwa na mwili kidogo.

Alama iko nyuma ya sikio la kushoto, ukikunja sikio mbele utaiona. Nimemuwekea mafuta asubuhi hii na tayari inafifia. Mutoto wa umri huu anapona upesi. Boti hilo hilo linarudi huku na saruji. Likikuacha, utakuja kukunja sikio na hutakuta kitu.

Mimi ninayekupenda na ninayekugombeza,
nyanya yako,
Hadija